Nilivyoshikwa na Mbuzi Kainuk

Mbuzi hana kitambulisho cha taifa, lakini ana masikio, na ukishateremka Marich, pale milima ya Pokot inapoachia njia ya kwenda Turkana, masikio yanatosha. Mimi ni fundi wa pampu za sola, mtoto wa Kondele, Kisumu. Mnyama pekee niliyewahi kumtazama kwa makini ni ngege, tena akiwa ameshakaangwa na ugali uko kando.

Kazi yenyewe ilikuwa pampu mbili za visima. Moja upande wa Wapokot, mbele kidogo ya Sigor. Nyingine upande wa Waturkana, karibu na Kainuk. Kwenye ramani ya bosi hizo sehemu zilikuwa pua na mdomo. Bosi aliiona ramani kwenye simu akiwa Milimani, anakunywa chai. Mama yangu, ambaye hajawahi kushika ramani, ndiye aliyejua jiografia.

"Baba, kule watu wanaibiana mifugo kwa bunduki."

"Mama, mimi sina mifugo."

Akanitazama kwa muda. "Bado," akasema.

Msimchukulie kama mwoga. Februari 2023 serikali ilikuwa imepeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini, na West Pokot na Turkana zote mbili zilikuwa kwenye orodha. Mimi nilisafiri baadaye, hali ikiwa imepoa, lakini imepoa kwa maana ya uji: ukiona juu kumetulia, usitumbukize kidole.

Nikapita Kakamega, Webuye, Kitale, hadi Makutano. Kapenguria nikaipa heshima yake. Hapo ndipo mkoloni alipomleta Mjaluo mwenzangu, mwanasiasa Achieng' Oneko, mwishoni mwa 1952 kushtakiwa kwa mambo ya Mau Mau pamoja na Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Kung'u Karumba. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu. Oneko alishinda rufaa na bado hakuachiliwa! Nikawaza moyoni kwamba Mjaluo na Kapenguria nyota zao haziendani, nikanunua soda baridi, nikapanda probox ya kwenda chini.

Na ni chini kweli. Chepareria, Ortum, halafu barabara inajipenyeza katikati ya milima kufuata mto, na joto linakupokea Marich kama shemeji aliyekunywa. Kule juu zinapita nyaya nene za umeme kutoka bwawa la Turkwel, linalotoa megawati 106 tangu miaka ya 1990 ianze. Zinakwenda zao Lessos bila kumsalimia mtu. Mimi kama fundi nililitazama hilo kwa uchungu, halafu nikakumbuka kwamba nyaya hizo zingesalimia watu, mimi nisingekuwa na kazi.

Pampu ya kwanza haikunisumbua. Nilifungua kisanduku cha kuendeshea mitambo nikakuta sisimizi wameanzisha kaunti ya 48, wana makao makuu na barabara za lami. Nikawafurusha kwa brashi ya rangi, nikabadilisha fyuzi, nikawasha. Bomba likakohoa, likatema matope, kisha likatoa maji. Akina mama waliokuwa wakichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji waliacha vibuyu vyao wakaja kuniimbia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: siku hiyo niliiona ikitembea kwa miguu.

Nikaletewa kibuyu cha maziwa lala. Rangi yake ilikuwa kijivu. Mwalimu wa shule ya pale, aliyekuwa mkalimani wangu, akanieleza kwamba ni jivu la mti maalumu, linapakwa ndani ya kibuyu ili maziwa yasiharibike na yawe na harufu nzuri. Nilipiga funda moja kwa adabu. La pili lilikuwa la hamu. Baada ya hapo sikumbuki kuhesabu, ninakumbuka tu mtoto mmoja akikitazama kibuyu kwa huzuni.

Kisha mzee wao, mwenye kofia ya unyoya na kigoda cha mti mkononi, akasimama. Alisema fundi haondoki mikono mitupu. Akaletwa mbuzi jike, mweupe, shingo ya kahawia, macho ya mtu anayekudai.

"Mwalimu, mimi ninapanda bodaboda," nikanong'ona.

"Fundi, mwambie mzee hutaki zawadi yake," mwalimu akajibu, "lakini ngoja kwanza niondoke."

Basi nikamchukua. Tukamtia kwenye gunia, kichwa nje, nikampakata. Kijana wa bodaboda alikuwa Mpokot, mcheshi, akapiga hadithi njia nzima mpaka tulipokaribia Kainuk. Ghafla akanyamaza. Akasimamisha pikipiki kabla ya daraja.

"Fundi, mimi nimefika."

"Lakini mji uko pale, ninauona!"

"Na wao wananiona," akasema. "Wewe nenda. Wewe huna kabila hapa."

Akageuza pikipiki, akaniacha na sanduku la vifaa begani na mbuzi kwenye kamba. Tulianza kutembea. Yaani, mimi nilianza. Mbuzi alikuwa na maoni yake. Alinivuta kuelekea Sigor, nikamvuta kuelekea Turkana, na kwa robo saa tulikuwa mzozo wa mpaka uliokamilika. Hapo ndipo watu wa kizuizi walipotuona.

Walikuwa afande mmoja wa polisi na polisi wa akiba wenyeji, wamevaa nusu sare nusu shuka. Waliniangalia nikija mdogomdogo, ninasukuma mbuzi kwa goti.

"Unatoka wapi?"

"Kisumu, afande."

"Na huyu?"

"Huyu ametoka Sigor."

"Mmekutania wapi?"

"Ni zawadi, afande. Nimetengeneza pampu."

"Kibali cha kusafirisha mifugo kiko wapi?"

Nikatoa kitambulisho, barua ya kazi, risiti ya fyuzi. Afande alizisoma zote kwa subira, hata risiti aliigeuza nyuma. "Hizi zote ni zako," akasema. "Ninauliza za mbuzi."

Watu walianza kukusanyika. Akaja mzee mmoja Mturkana, mrefu, mkavu, naye ana kofia ya unyoya na kigoda mkononi. Ningekutana naye asubuhi ningedhani ni yule yule aliyenipa mbuzi. Hakunisalimia. Alikaa juu ya kigoda chake, akamvuta mbuzi katikati ya magoti na kushika sikio la kulia kwa vidole viwili. Alilinyoosha kuelekea jua mpaka mishipa ikaonekana. Kwenye ncha palikuwa na mkato wa pembetatu. Akapitisha ukucha wa dole gumba juu yake.

"Huyu ni wa Wapokot."

Umati ukaguna. Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyosema. Mzee hakuwa amemaliza. Alishuka chini ya sikio, karibu na shavu, akapuliza manyoya. Palikuwa na mkato mwingine mdogo, wa zamani, umepona mpaka umekuwa mstari.

"Lakini kabla ya kuwa wa Wapokot," akasema polepole, "alikuwa wetu."

Jamani. Nilitoka Kondele nikiwa fundi, sasa ninaambiwa mbuzi aliibwa Turkana akapelekwa Pokot, na mimi ndiye niliyemtoa Pokot. Mama mmoja akasema anamkumbuka, alipotea wakati wa kiangazi. Kijana mwingine akasema si huyo, yule alikuwa dume. Mwingine aliyevaa fulana ya Arsenal akapaza sauti: "Serikali imeleta wanajeshi na magari, na fundi mmoja wa Kisumu amerudisha mbuzi peke yake!" Watu wakacheka mpaka afande akageuza uso. Kuanzia hapo jina langu likawa Baba Mbuzi.

"Afande," nikasema, "nimpigie mzee aliyenipa. Atasema mwenyewe."

Nikampigia mwalimu, mwalimu akamtafuta mzee, nikaweka spika. Sikuwa nimefungua mdomo kabla yule Mturkana hajaninyang'anya simu. Nikatafuta kwa macho mahali pa kulala chini.

Akaongea Kipokot. Tena Kipokot laini, cha kucheka katikati. Upande wa pili ukapiga kelele ya furaha. Hawa watu wanafahamiana! Polisi wa akiba akawa ananitafsiria: wanaulizana goti linaendeleaje. Sasa wanaulizana mvua. Sasa ni majani, yako wapi na nani anachunga huko. Sasa ni yule ng'ombe mwekundu wa mwaka ule. Kredo yangu inayeyuka, mbuzi anatafuna kamba, na hakuna aliyetaja masikio.

"Wazee wangu," nikaomba, "mbuzi."

Ndipo yule wa Sigor alipoelezwa habari ya mkato wa zamani. Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kucheka, cheko refu la mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Polisi wa akiba aliacha kutafsiri akaziba mdomo.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema huyo mbuzi hakuibwa. Alizaliwa huku, akapelekwa kwake akiwa mdogo pamoja na mama yake. Ilikuwa mahari. Kijana wa huku alioa binti wa kule."

"Kijana gani?"

Akamwonyesha kwa kidevu mzee aliyeshika simu yangu. "Mtoto wa ndugu yake."

Umati ulilipuka. Mzee alikuwa amesoma alama ya nyumba yake mwenyewe, na kuitangaza mbele ya afande. Lakini Sigor hakuwa amemaliza. Sauti ilitoka kwenye spika, safari hii kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie:

"Na kwa kuwa umekumbuka mahari, mkwe wangu, ile nusu nyingine inakuja lini?"

Mzee aliitazama simu. Akaiinua juu, akaishusha, akaizungusha kuelekea milima. "Netiweki," akasema kwa huzuni, akanirudishia. Nakwambia netiweki ilikuwa imejaa.

Mambo ya ndoa yakaisha, ya kibali hayakuisha. Afande alisema mbuzi hawezi kuendelea na safari bila karatasi, na ofisi ya mifugo ilikuwa imeshafungwa. Mzee akajitolea kumlaza kwenye boma lake. Kwanza, akasema, lazima awekewe alama yangu, asichanganyike na wengine.

"Alama ya Wajaluo ni ipi?"

Nikafikiri. Nikamwambia sisi hatukati masikio ya mbuzi, lakini zamani watu wetu walikuwa wanang'oa meno sita ya chini. Aliguna kwa heshima, akanifunulia mdomo: naye alikuwa na pengo lake hapo chini. Halafu akamfungua mbuzi mdomo akachungulia ndani, kwa dhati kabisa.

"Haiwezekani," akasema. "Meno ya mbele juu hana. Tukitoa ya chini, atakula na nini?"

Tukakubaliana ashonewe kipande cha kitambaa cha fulana yangu shingoni. Nikatengeneza pampu ya pili (waya ulikuwa umetafunwa, simshuku mtu) na nikarudi Kisumu na lori la kuku, mikono mitupu, fulana haina mkono mmoja.

Sasa tatizo ni simu. Mzee wa Sigor hunipigia, yaani hunibipu, nimpigie mimi, aniulize kama nimesikia lolote kutoka Kainuk kuhusu nusu ya mahari. Mzee wa Kainuk naye hunibipu kuniambia nimwambie wa Sigor kwamba anajipanga. Wana namba za kila mmoja, lakini wanasema kupitia kwangu ni heshima zaidi.

Wiki iliyopita wa Kainuk alitoa habari kubwa: mbuzi amezaa mapacha. Mmoja, anasema, ni wake kwa kazi ya kumtunza mama yao. Nikampelekea habari wa Sigor, akasema vizuri sana, basi yule wa pili ahesabiwe kwenye mahari. Nikamuuliza: na mimi, mzee, ninabaki na nini?

Akasema ile pampu imeanza kukohoa tena, nije niiangalie, na nikija nipitie Kainuk nimletee mtoto wa mbuzi wake. Akanikumbusha nisisahau kibali.