Panya 200 na gorogoro la mahindi

Septemba 2012 jarida moja la kisayansi lilichapisha picha za panya waliovimba kiasi cha kutisha. Panya wenyewe walikuwa 200. Timu ya Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, iliwalisha kwa miaka miwili, baadhi yao wakila mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni maabara, aina ya NK603. Haikutimia hata miezi miwili, Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO.

Mwaka uliofuata jarida hilo likauondoa utafiti wenyewe. Panya wa aina ile huota uvimbe wakizeeka hata wasipoonja punje ya mahindi, na vikundi vya panya 10 walimogawanywa wale 200 ni vidogo mno kutenganisha sumu na uzee. Mhariri hakuona udanganyifu. Alisema matokeo hayatoshi kuthibitisha lolote. Utafiti ukachapishwa upya kwingine mwaka 2014, lakini panya hawakuongezeka. Marufuku nayo ikadumu karibu miaka 10.

Kisa hiki husimuliwa sana kama mfano wa wanasiasa kuipuuza sayansi. Mimi nakiona tofauti. Serikali haikuipuuza, iliiparamia. Iliokota utafiti mmoja ungali moto na kuufanya sera ya taifa, ilhali sheria ya 2009 ilikuwa imekwisha kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, ambayo kazi yake ni kupima zao moja baada ya jingine.

Na zao moja baada ya jingine ndilo jambo lenyewe. Tunasema "GMO" kana kwamba ni mmea mmoja. NK603 ya panya wale imeundwa ihimili dawa ya kuua magugu. Mahindi ya Bt yaliyofanyiwa majaribio na KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo, hubeba jeni ya bakteria wa udongoni, inayotengeneza protini ya kumuua funza anayetoboa mabua. Ni vitu viwili tofauti, kila kimoja na maswali yake. Kuhusu usalama wa kula, sioni sababu ya kuzungukazunguka: mahindi yaliyokwisha kupimwa na kuidhinishwa hayajaonekana kuwa na madhara kuliko ya kawaida, na Waafrika Kusini wamekula uji na ugali wake kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini wanaopinga hawaulizi juu ya tumbo pekee, na hapa ndipo watetezi wa teknolojia hii hunichosha. Ukiuliza mbegu itauzwa bei gani, unajibiwa kwamba haileti saratani. Ukiuliza mkulima wa Trans Nzoia atauza wapi gunia lake meli zikishusha mahindi ya bei ya chini Mombasa wakati wa mavuno, jibu ni lile lile. Maabara haiwezi kulijibu swali hilo, na kumwita mwulizaji mjinga hakulifuti. Hoja ya utumwa wa mbegu, kwamba mkulima atalazimika kununua mbegu kila mwaka, hata hivyo, huwa inatiwa chumvi: tangu mbegu chotara ya mahindi H611 itoke Kitale mwaka 1964, mkulima wa Kenya amezoea kurudi dukani kila msimu. Kipya ni hataza, yaani nani anamiliki jeni iliyomo.

Tarehe 3 Oktoba 2022, serikali ya William Ruto ikiwa na wiki tatu tu madarakani, marufuku iliondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukame, ule mbaya kuliko wowote katika miaka 40. Jeni ya Bt humkomesha mdudu, haileti mvua. Baraza la Mawaziri lilifunga kwa kikao, likafungua kwa kikao. Mwezi uliofuata Waziri wa Biashara, Moses Kuria, akasema kwamba kuishi Kenya tu kunamfanya mtu kuwa mgombea wa kifo, hivyo hakuna ubaya kuongeza GMO kwenye orodha. Huenda ulikuwa utani. Miaka ya kazi ya watafiti ikavurugwa na sentensi moja ya mtu aliyekuwa upande wao.

Kesi zikafuata. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupilia mbali ombi la Chama cha Wanasheria la kupinga kuondolewa kwa marufuku, ikisema hakuna ushahidi wa madhara. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi wa kuondoa marufuku hadi rufaa isikilizwe. Majaji wamegeuzwa wasuluhishi wa ugomvi ambao ungeanzia barazani kwa chifu, wakulima wakiuliza na watafiti wakijibu.

Kanuni za 2012 zinadai chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiwekewe lebo, ili mlaji achague. Kwa pakiti ya dukani, sawa. Ila mama anayepimiwa mahindi kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, akayapeleka kwa mashine ya kusaga na kurudi na unga ndani ya mfuko aliotoka nao nyumbani, lebo yake itabandikwa wapi?