Nilivyotoka Mwaloni kwa Rivasi

Kwa kuwa swahiba wangu amekwisha kuisambaza ile video yangu nikitoka sokoni kinyumenyume katika makundi yote ninayoyafahamu, likiwemo kundi la ukoo ambalo hadi leo sijui nani alimwingiza, na kwa kuwa ameiwekea muziki wa kusindikizia maharusi, naomba na mimi nipewe nafasi ya kueleza kilichotokea siku ya Jumapili pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza. Maelezo yake yanasema kwamba gari langu lilipandwa na pepo. Pepo mwenyewe alikuwa ni bolti tatu za spana namba 10, na wakati wote nilipokuwa nikiaibika alikuwa amelala kwenye kabati la vyombo la mama yangu.

Mnaonifuata siku nyingi mnalijua gari lenyewe: ni Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, kile kilichoingia sokoni mwaka 1989, lenye viti viwili, paa la turubai, gia tano za mkono, na taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura. Vijana wa bodaboda wa Kona ya Bwiru huliita "kiatu", nami nimekwisha kuacha kuwakatalia. Kwa miezi kadhaa liva yake ya gia ilikuwa imelegea kiasi kwamba kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kulihitaji kutafuta kwanza, kama mtu anayepapasa swichi ya taa katika nyumba ya wageni. Chanzo chake nilikijua. Ncha ya chini ya liva hukaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, yaani bushi, na kikombe hicho kikichoka kwa joto na umri, liva huanza kucheza.

Mtu mwenye akili timamu angebadilisha bushi tu, yakaisha. Mimi nikaona kwamba, maadamu nitafungua, basi niweke kabisa liva fupi ya kimichezo. Nikaiagiza kutoka Japani, ikapitia Dar es Salaam, ikafika Mwanza kwa basi ikiwa imefungwa pamoja na mzigo wa viatu vya mitumba.

Wasiojua liva fupi ni kitu gani na waifikirie kasia la mtumbwi. Kasia limeegemea ubavuni mwa mtumbwi, upande mmoja uko mkononi, upande mwingine uko majini. Ukisogeza egemeo ili sehemu ya majini iwe ndefu zaidi, mkono utasogea kidogo na maji yatasogea sana, lakini utalipia kwa nguvu za bega. Liva fupi hufanya jambo lilelile: sehemu iliyo chini ya egemeo imerefushwa, hivyo gia inaingia kwa mkunjo mdogo wa kifundo cha mkono, ila ni lazima uivute kwa nguvu zaidi kuliko ile ya kiwandani. Tafadhali ikumbukeni hiyo nguvu, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Kazi niliifanya mwenyewe Jumamosi usiku, uani kwetu, kwa mwanga wa balbu iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Sikwenda kwa fundi kwa sababu nilikuwa nimetazama video mbili na kuelewa moja na nusu. Katika Roadster kazi hii hufanyika kutoka ndani ya gari, wala huhitaji kulala chini: unafungua kirungu cha juu ya liva, unatoa kiweko cha katikati ya viti, unakutana na bamba lenye bolti nne lililoshikilia mpira wa juu, na chini yake kuna bolti tatu zinazoifunga liva yenyewe juu ya giaboksi. Jumla ni bolti saba. Niliziweka zote kwenye kisosi cha chai kwa ustaarabu mkubwa, nikaichomoa liva ya zamani, nikabadilisha bushi, nikaongeza oili katika kile kisima kidogo ambamo liva huogelea, nikashusha liva mpya ikakaa. Hapo umeme ukakatika.

Nilikwenda ndani kutafuta tochi, nikamkuta mama anagawa chakula, nikala. Niliporudi na tochi mdomoni, akili yangu iliona liva imekaa wima, ikaona bamba linasubiri, ikahitimisha kwamba sehemu ya chini imekwisha kufungwa. Nikachukua bolti nne, nikafunga bamba, nikarudisha kiweko. Nikawasha gari, nikaingiza gia ya kwanza mpaka ya tano, na zote ziliingia kwa mlio mtamu wa kufuli jipya. Rivasi sikuijaribu, kwa sababu gari lilikuwa limeegeshwa likitazama geti na sikuona haja. Kisosi nilikiacha juu ya ndoo.

Asubuhi yake, baada ya ibada, mama alinituma Mwaloni nikamnunulie dagaa ndoo mbili za kumpelekea shangazi Dodoma. Nilikuwa bado na suruali yangu ya rangi ya krimu. Nikampitia swahiba Pasiansi, tukashusha paa, tukaenda. Njia nzima nilimhubiria kuhusu liva, nikimwonyesha jinsi ninavyobadilisha gia kwa vidole viwili, naye akawa anaitikia kama mtu anayesubiri kitu fulani kiharibike. Sasa najua kwamba alikuwa anasubiri kweli.

Mliowahi kufika Mwaloni Jumapili mnajua kwamba pale gari dogo halina hadhi yoyote. Njia ni ya mikokoteni, ya makuli wenye magunia kichwani, na ya malori yanayopakia dagaa kwa safari za mbali, hata za kuvuka mpaka. Niliingia ndani zaidi kuliko ilivyokuwa lazima, kwa sababu nilitaka kuonekana, na nilipofika karibu kabisa na wanapoanika nikakutana uso kwa uso na Fuso iliyoshiba magunia. Utingo wake akapiga bodi kwa kiganja mara mbili na kuniambia kwa upole, "Bosi, rudi nyuma kidogo tupite."

Swahiba akashuka, akasema anakwenda kuniongoza kwa nyuma. Alipofika nyuma akatoa simu.

Nikakanyaga klachi mpaka mwisho. Nikaishika liva kwa mkono wa kushoto, nikaipeleka kulia kabisa, kisha nikaivuta kuja kwangu, kwani rivasi ya gari hili iko kulia-nyuma, ng'ambo ya gia ya tano. Ikagoma. Nikakumbuka somo la kasia, kwamba liva fupi hudai bega, nikajiweka sawa kwenye kiti na kuvuta kwa nguvu ya mtu anayeng'oa muhogo wakati wa kiangazi. Nikasikia gia imeingia, tena kwa heshima: klak. Kwa sekunde moja nilijisifu. Katika sekunde ya pili niligundua kwamba gia imeingia lakini mkono wangu haujasimama. Liva iliendelea kuja. Ilikuja nyuma, ikaja juu, mpira wa zamani uliokuwa na umri wa gari lenyewe ukachanika taratibu kama shuka, na chuma chote kikatoka kwenye shimo lake kwa sauti ya chupa inayozibuliwa. Nikabaki nimeketi, mguu wa kushoto umebana klachi, mkono wa kushoto umeinuka juu ya kichwa ukiwa umeshika liva nzima, kirungu juu, mpira umevaa katikati kama kisketi, na oili nyeusi inachuruzika kutoka kwenye ncha. Tone la kwanza lilianguka kwenye paja. La pili lilianguka mahali ambapo siwezi kupataja. Gari halina paa, kumbukeni. Soko zima lilikuwa linatazama.

Nilidhani nitawasha taa za tahadhari ili watu wajue kuna hitilafu. Swichi ya tahadhari na swichi ya kuinua taa za mbele ziko jirani pale katikati ya dashibodi, na kwa mkono uliojaa oili nikabonyeza isiyo yenyewe. Gari likafumbua macho. Mtoto mmoja alikimbia. Nikabonyeza tena ili kurekebisha, likayafumba. Hapo ndipo neno "pepo" lilipotamkwa kwa mara ya kwanza, na mtu mwingine nyuma yangu akaitaja Gamboshi, kijiji kinachosifika kwa uchawi, jambo ambalo kwa watu wa kanda hii halihitaji tafsiri.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya magunia yake akaniuliza, "Mwanangu, hicho chuma unamnyooshea nani?" Nilikuwa sijatambua kwamba bado nimekiinua. Nikamwambia, "Shikamoo mama," nikimpungia liva kwa mkono wa kushoto, na nadhani katika maisha yangu sijawahi kutoa shikamoo mbaya kuliko ile. Aliitikia marahaba, lakini alisogeza magunia.

Nilijaribu kuirudisha liva mahali pake. Ncha yake inapaswa kushuka moja kwa moja kwenye tundu lililo chini ya kile kisima, lakini mpira ulikuwa umejikunja juu ya shimo, sikuona kitu, na nilikuwa nikichokonoa kama mtu anayesonga ugali gizani. Fuso ikapiga honi. Na hapa ndipo penye ukatili wa jambo lenyewe: giaboksi haijali kama liva ipo au haipo, hubaki katika gia uliyoiacha. Yangu ilikuwa imebaki katika rivasi. Kwa hiyo nilikuwa na gari zima, linalowaka, lenye breki, lenye usukani, na lenye uwezo wa kwenda upande mmoja tu wa dunia.

Makuli walikuja kunisaidia. Mmoja aliuliza lina kilo ngapi, nami, kwa upumbavu wa mtu anayependa kueleza habari za gari lake, nikamjibu kwamba likitoka kiwandani lilikuwa na kilo 940. Wakatazamana. Wakaanza kugawanya kwa idadi ya vichwa, wakabishana kuhusu bei, na nilipoona wawili wameinama kupima bampa nikaelewa kwamba walikuwa wanazungumza kwa dhati. Nikaachia klachi taratibu.

Nilitoka Mwaloni kinyumenyume. Nililipita soko lote, nikiwa nimegeuza shingo, mkono wa kulia kwenye usukani, liva nimeiweka mapajani kama mtoto, na gari likilia "wiiiiii" mwendo mzima, kwa sababu meno ya rivasi hukatwa yakiwa yamenyooka, tofauti na yale ya gia za kwenda mbele yaliyokatwa mshazari, na meno yaliyonyooka hayajui kunyamaza. Fuso ilinifuata pua kwa pua, kwa hiyo mtu aliyetazama kwa mbali aliona lori likinisukuma. Nyuma ya Fuso walikuja makuli, nyuma ya makuli watoto, na pembeni alitembea swahiba wangu na simu yake, akiniambia "njoo, njoo, njoo" kwa sauti ambayo sasa wote mnaisikia kwenye video. Kila nilipofika penye kona nilisimama, watu wakasimama, nikakata usukani, tukaendelea. Mzee mmoja alivua kofia. Sikumuuliza alidhani amekufa nani.

Getini nilizima injini, na alinijia kijana ambaye kazi yake ni kutengeneza injini za boti. Alitazama shimo, akatazama liva, akanyoosha mpira kwa kidole, akashusha ncha, ikaingia. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Kisha akapapasa kandokando ya shimo na kuniuliza, "Kaka, hapa pana matundu matatu ya bolti. Bolti zenyewe ziko wapi?" Kimya changu kilimtosha. Akaifunga liva kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaonya nisiivute kuelekea juu, akakataa pesa kwa kusema kwamba amekwisha kulipwa kwa kutazama. Nikamwambia wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, nikaondoka na gia ya kwanza, ya pili na ya tatu tu. Dagaa sikununua.

Nyumbani mama aliniandalia chai. Kikombe kilikuwa kwenye kisosi, na pembeni mwa kikombe, zimeoshwa kwa sabuni na kukaushwa, zilikuwepo bolti tatu.

"Nilizikuta kwenye ndoo," akasema, "nikadhani ni za baiskeli ya mdogo wako, nikazihifadhi kabatini." Kisha akachukua simu yake, akavaa miwani, na kuinyoosha mbele yangu. "Sasa baba, nieleze. Hawa watu wote wanaokusindikiza, umeoa lini?"