Fulana Yangu Iko Newala

Kwanza nimtetee mjomba: aliniambia. Alisimama mlangoni na mkongojo wake, akanyoosha kidole kule chini. "Fyeka kote, lakini ile kona ya mpakani iache. Ile nitakwenda nayo mwenyewe alfajiri." Hakusema kwa nini. Mimi nami sikuuliza, maana kwetu mjomba haulizwi kwa nini.

Ilikuwa Julai. Msimu wa korosho bado uko mbali, lakini huo ndio wakati wa kusafisha shamba. Korosho nzuri huachwa idondoke yenyewe ukaiokote chini, na chini pakiwa kichaka utaokota nyoka. Tena mpuliziaji wa salfa na mashine yake mgongoni lazima apate pa kupita, maana maua yakikosa salfa ugonjwa wa ubwiriunga unayakausha yote nawe unatazama. Na moto wa kiangazi ukiingia kichakani hauchagui shamba la nani. Shamba la mjomba, ekari 2, lilikuwa halijaguswa miaka miwili, tangu goti lake lianze kugoma.

Vibarua wakataja bei. Mimi, mtu wa Mtwara mjini ninayeshinda nyuma ya mashine ya fotokopi, nikasema hela zote hizo za nini na mimi nipo? Mjomba akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja. Akauachia. Akaenda kukaa.

Nikaingia shambani saa mbili, pensi na fulana nyeupe, panga na fyekeo. Nisiseme uongo, nilifanya kazi. Mikorosho kama kumi hivi niliiacha chini yake peupe kabisa, unaweza kutandika mkeka ukalala. Saa tano jua limepanda, upepo umeanza kuvuma kutoka kule bondeni Ruvuma, viganja vimetoa malengelenge, na mimi nimefika kona ya mpakani.

Sasa ukimwambia mtu asiguse mahali bila kumwambia sababu, unamwambia kuna kitu. Nikajua mjomba kafukia dumu la nipa, ile gongo ya mabibo. Kumbe ni mtambaa tu, umepanda mkorosho mpaka juu, umening'iniza maganda. Nikayasogelea. Yamejikunja kama kiwavi, yana manyoya ya kahawia yanayong'aa juani, laini kama sikio la paka. Nikafikiri ni jamii ya maharage. (Ni jamii ya maharage kweli. Hilo nililipatia.)

Wewe unayesoma umeshajua. Lakini nielewe: upupu mimi naujua wa shuleni, ule unaoletwa na mtoro umefungwa kwenye karatasi, ukanyunyizwa kwenye kiti cha mtu. Sikuwahi kuuona ukiwa kwake, umetulia na familia yake.

Nikapiga fyekeo moja la nguvu. Mtambaa ukatikisika wote, vumbi la dhahabu likashuka na jua linapita katikati yake. Kwa kweli lilipendeza. Upepo nao ukalichukua, ukaniletea.

Ilianza shingoni, kama mtu ananitekenya. Nikajikuna. Basi, hapo ndipo nilipoharibu, maana kila unapokuna unazisambaza zile nywele, na mkono uliokuna nao unataka kukunwa. Kufikia dakika ya pili nilikuwa nacheza. Nikavua fulana, nikajifutia usoni. Nilijifutia fulana ileile. Nikaitupa, ikanasa kwenye tawi. Mgongo haufikiki, nikauegemeza kwenye shina la mkorosho nikaanza kujisugua kama ng'ombe.

Lile shina lilikuwa njia ya maji moto.

Hawa sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, wataalamu wa korosho wanawasifu sana, kwa sababu wanawinda wadudu wafyonzao machipukizi. Siku ile nilihesabiwa miongoni mwa wafyonzao. Nikatoka mbio, na pensi nayo ikabidi niiache njiani, nitafanyaje.

Nilifika uani na chupi, nikaruka moja kwa moja kwenye dumu la maji. Mkaza mjomba akalidaka kabla yangu. "Maji usiguse! Majivu!" Nyanda hizi za Makonde maji ni ya kuhangaikia, kwa hiyo mpaka leo sijui alikuwa anaihurumia ngozi yangu au dumu lake. Akanivuta hadi jikoni, akachota majivu kwa kifuu, akanipaka kichwa hadi miguu, anasugua kama anaosha sufuria. "Macho fumba. Na mdomo pia fumba, unapiga kelele ya nini, mtu mzima?"

Nikatoka jikoni nimekuwa kijivu chote, mikono nimeitanua, natembea kwa kuchechemea maana maji moto wengine walikuwa hawajamaliza shughuli. Na wakati ule ndio kijijini wanasubiri jando. Watoto waliokuwa wanacheza nje ya ua wakaniona. Mmoja akapiga yowe: "Midimu!" Midimu ni wale wachezaji wa vinyago, na watoto huambiwa hao si watu, ni mizimu. Wakatawanyika, kandambili zikabaki zenyewe barabarani. Bibi mmoja jirani akachungulia, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kwa upole: "Na ngoma iko wapi?"

Mjomba hakuwa na nguvu ya kusimama. Alikuwa amelala kwenye mkeka, anacheka bila sauti, machozi yanatoka.

Kesho yake alfajiri walikuja vibarua wawili, umande haujakauka. Kumbe hiyo ndiyo siri: manyoya yakilowa hayaruki. Wakaung'oa mtambaa wote polepole, wakaufukia, hakuna aliyejikuna. Bei ilikuwa imepanda, walishasikia habari. Nililipa mimi.

Fulana wameikataa. Iko pale pale mkoroshoni, na mjomba ananiambia kwenye simu kwamba niiache tu, maana tangu itundikwe hakuna mwizi wa korosho aliyesogelea ile kona.