Twiga katika Printa ya Mhasibu

Leo saa mbili asubuhi, kabla sijafika nusu ya kikombe cha chai, printa ya mhasibu imetoa twiga. Haikutoa ankara wala orodha ya mishahara; imetoa twiga wa rangi, shingo kwenye karatasi ya kwanza na miguu kwenye ya pili, mali ya mgeni wa chumba namba sita ambaye simu yake iliiona printa ya ofisi ikadhani ni ya kila mtu. Bei ya wino wa rangi mnaijua wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba twiga huyu nilikwisha kumfukuza jana. Katika hoteli yetu ndogo hapa Sakina mimi ni mtu wa mapokezi, lakini kwa kuwa niliwahi kuchomoa karatasi iliyokwama, nahesabiwa mtaalamu. Bosi aliagiza mtandao wa ofisi utenganishwe na wa wageni, nami nikavaa miwani kwa heshima zote na kuketi mbele ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, yenye poti 24, yaani matundu ya kuchomeka nyaya hizo. Poti ya 1 hadi ya 8 nikazipa ofisi, VLAN 10; VLAN ni kama chumba chenye namba ndani ya swichi, na walio chumba kimoja hawawaoni wa kingine. Ya 9 hadi ya 16 nikawapa wageni, VLAN 20. Na ya 24, inayokwenda kwenye ruta, nikaiingiza katika zote mbili kwa lebo, yaani kila mzigo wa data unaopita humo hubandikwa namba ya VLAN yake. Kiwango cha 802.1Q, ndicho chenye kanuni za lebo hizo, kinaruhusu VLAN 4094, na mimi mbili tu zilinitoa jasho.

Kompyuta ya mhasibu ikakosa anwani ya mtandao, ikajipachika ile ya 169.254 inayojipa yenyewe isipopewa na mtu. Mwenyewe akaja kusimama nyuma yangu, mtandio umebanwa kwa pini, mikono kiunoni.

“Baba, si umesema niko VLAN 10?”

“Upo, mama.”

“Mbona sina intaneti?”

Nilikuwa nimeandikisha poti yake katika VLAN 10 bila lebo, jambo linalohusu mizigo inayotoka kwenye swichi kwenda kwake. Ile inayoingia kutoka kwake bila lebo hupangiwa VLAN na namba iitwayo PVID, ambayo bado ilikuwa 1, ile VLAN ya kiwandani ambamo poti zote huanzia. Nikamweleza kwamba ni kama abiria anayepanda daladala bila kutaja anakoshuka, na konda ameagizwa kuwa abiria wa namna hiyo wote awapeleke Kijenge.

“Mimi nakaa Ngaramtoni,” akasema.

“Ndiyo, mama, ndiyo maana nabadilisha.”

“Sasa huyo konda kwa nini asiulize?”

Sikuwa na jibu, na kusema kweli hadi sasa sina. Nikarekebisha PVID, kisha kwa kiburi cha mtu aliyeanza kuelewa nikaziondoa poti zote kwenye VLAN 1, nikisahau kwamba ukurasa wa kuiongoza swichi yenyewe ulikuwa unaishi humo. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukanyamaza: nilikuwa nimejifungia nje na ufunguo nimeuacha ndani! Dawa pekee ilikuwa kile kitundu kidogo cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, na ofisi nzima haikuwa na kitu chembamba cha kuingia humo isipokuwa pini ya mtandio. Mhasibu alinikabidhi kama anayetoa mkopo, akakaa ameshikilia mtandio wake kwa mkono mpaka saa moja usiku, nilipomaliza kila kitu upya na kubonyeza kitufe cha kutekeleza. Kwamba kitufe cha kuhifadhi ni kingine, tena kipo ukurasa mwingine, nimekijua leo baada ya twiga.

Maana swichi ikizimika bila kuhifadhiwa husahau yote. Na umeme haukukatika usiku wa jana, usiku pekee ambao ningekuwa na wa kumlaumu. Nimeshuka chini ya kaunta nikakuta waya wa swichi umelala sakafuni, na kwenye soketi yake kuna chaja. Nimeichomoa, nikachomeka swichi, nikaanza tena na poti ya 1. Nimefika ya 5 mlinzi akachungulia dirishani.

“Shikamoo, mzee. Simu yangu naona umeichomoa, na ilikuwa bado haijajaa.”