Eti China Wamefungua

Jamani, nani aliwafundisha watu wa Majengo, hapa Dodoma, kusema "wamefungua" kama vile nchi ni duka la Mangi? Januari 2023 mtaa mzima: China wamefungua, China wamefungua! Kilichofutwa tarehe 8 ni karantini ya corona kwa wanaoingia, zile siku 5 za hotelini na 3 za kujifungia. Kipimo cha PCR, kile cha corona cha maabara, kilibaki palepale, ndani ya saa 48 kabla ya kupanda ndege.

Saa 48 mwenye akili alizihesabu tangu pua ilipochokonolewa, siyo tangu cheti kilipochapwa. Sasa mkae hapa Dodoma mpige hesabu. Basi hadi Dar ni kilomita 450 na ushee, mwendo wa saa nane, na hapo hujakutana na foleni ya Kibaha. Uwanjani unatakiwa saa tatu kabla. Majibu yakilala maabara usiku mmoja tu, umebaki na saa za kuhesabu kwa vidole, na basi likipasua tairi Gairo ndiyo basi tena. Kwa hiyo ilibidi upime Dar, ulipe lodge, ule chipsi za bei ya uwanja wa ndege.

Tarehe 29 Aprili wakalegeza: kipimo cha haraka kinatosha, unajipima mwenyewe, na mashirika ya ndege hayakagui tena. Yaani mtihani unajisahihishia! Kipimo kikafa kabisa 30 Agosti. Fomu ya afya ya forodha, ile ya kujaza kwenye simu ukapewa msimbo wa kuskani, ikaendelea hadi 1 Novemba. Ukikosea namba ya pasipoti, au chaji ikiisha hujapiga picha ya skrini, ulirudi kujaza upya huku foleni inakupita. Ndiko kufungua huko, miezi kumi!

Na haya mengine hayakuwa ya corona, msiwasingizie virusi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu. Viza ya biashara inataka barua ya mwaliko, na barua itoke kwa mshirika wako wa biashara, siyo kwa jamaa yako wa WeChat anayekutumia picha za makava ya simu. Mtu pasipoti imebakiza miezi minne, anakaa kijiweni anailaani Uviko, na makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa Dodoma, bodaboda tu!