Majani yapo Kampala, watu wapo Tanga

Nikimwambia mtu hapa Kampala kwamba kwetu ni Tanga, ananiuliza habari za bomba. Kilomita 1,443 za bomba la mafuta ghafi, kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, zimeifanya Tanga ijulikane hata kwa wauza mbao wa Ndeeba. Nikipiga simu nyumbani Tanga, siku hizi naulizwa habari za sungura.

Mimi ni seremala. Nina mwaka wa saba Uganda, karakana yangu iko Ndeeba, na familia yangu inaishi Kibuli. Mteja mmoja niliyemtengenezea rafu za vitabu alikuwa anahama nchi, na siku ya kunilipa akaniuliza kama nina watoto. Nilirudi nyumbani na sungura jike wa miaka miwili, mweupe, ncha za masikio rangi ya majivu, ndani ya boksi la sabuni. Binti yangu Rehema, mwenye miaka tisa, akampa jina la Kashata hata kabla boksi halijawekwa chini, kwa sababu ni mweupe kama ile ya nazi.

Mama aliposikia akasema, "Mwanangu, kitoweo ukishakipa jina utakichinjaje?" Kaka yangu akasema neno lililoniuma zaidi: "Huo ni uzungu. Ugeni umekuharibu."

Sikubali, na nina sababu. Nyumbani kwetu Ngamiani tulifuga njiwa ambao hatukuwahi kula hata mmoja. Paka wa bibi alikuwa na sahani yake, na kichwa cha samaki kilikuwa haki yake hata siku ambayo sisi tulikula mchuzi mtupu. Hakuna aliyesema bibi ana uzungu. Kumpenda mnyama asiyekuletea faida tumekujua siku zote. Ila sungura kwetu ana sehemu mbili tu, hadithini na chunguni, na akiwa sebuleni watu wanashangaa.

Tena sungura wa hadithi siye huyu. Hili nimelijulia hapa Uganda. Mjanja wetu anayemshinda fisi na simba ni yule wa porini, ambaye Waganda hadithini wanamwita Wakayima. Mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya muda mfupi anaruka. Sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, kipofu, anategemea shimo alilochimba mama yake na manyoya aliyojinyofoa kumtandikia. Asili yake ni Uhispania na Ureno, sio mbuga zetu. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, nasi tukadhani huyu wa bandani ana ujanja na ugumu wa yule. Hana. Ni mgeni katika Afrika Mashariki yote, na jua la pwani si lake.

Hapo ndipo panaponiuma. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilifuga sungura watatu katika kibanda cha mabati nilichokigonga mwenyewe, uwanjani, pasipo na mti. Ilikuwa Februari, na anayeijua Tanga anaijua Februari yake. Nilirudi shule saa nane mchana nikawakuta wote watatu wamelala ubavu, midomo imelowa. Watu wazima wakasema ni ugonjwa, tukawazika. Miaka yote hii nimeishi nikiamini kwamba kuna ugonjwa uliingia. Kumbe sungura hatoi jasho kama sisi, hupunguza joto kwa masikio yake, na hewa ikishapita nyuzi 30 masikio hayatoshi tena. Chini ya bati la saa saba mchana joto linapita hapo mbali sana. Niliwapika mimi, kwa mapenzi yote, na hakuna aliyekuwa na la kuniambia.

Kampala iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mchana ukichoma sana bado kivuli chake ni kivuli, na usiku mtu anavuta blanketi. Kwa upande huu lazima niseme ukweli hata kama watu wa kwetu hawataupenda: Uganda inamfaa sungura kuliko Tanga. Na si hewa tu, kuna majani pia. Mvua za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi Novemba, na katikati bado ardhi haikauki kabisa. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna mabingobingo, majani ya viazi vitamu, na kishona nguo, ambacho hapa wanakiita ssere na kwetu tunaking'oa kwa hasira. Kashata anakila kama mtu anayekula mkate wa kumimina.

Watu wengi wakipata sungura wanaandaa karoti. Karoti ina sukari nyingi, ni ya kuonja tu. Anachohitaji huyu mnyama ni nyasi, mchana na usiku, mbichi na kavu, kiasi cha kuwa sehemu kubwa kabisa ya chakula chake. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, na nyasi ndiyo tupa inayoyasaga. Utumbo nao haupaswi kusimama, nyuzinyuzi ndizo zinazousukuma. Hawezi kutapika. Kilichoingia vibaya hakina njia ya kurudi. Kuna jambo jingine ambalo lilimfanya Rehema apige kelele: alfajiri Kashata huinama na kula kinyesi chake, kile laini cha vishada kama zabibu, akikipokea moja kwa moja kabla hakijaanguka. Hiyo si tabia chafu. Ni chakula kinachopita mara ya pili ili mwili uchukue vilivyobaki, na akizuiwa atadhoofika.

Majani mengine ya hapa hapa ni sumu. Mparachichi umejaa kwenye nyua za Kampala, na majani yake yanaua sungura. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo nayo hayafai. Na nyasi za kando ya barabara, ambako mbwa wanakojoa na watu wanapulizia dawa, sizikati hata ziwe nzuri namna gani.

Banda nililitengeneza mwenyewe, safari hii kwa akili. Mbao zenye dawa ya mchwa sikuzigusa kwa sababu sungura hutafuna nyumba yake. Unga wa mbao ya mvule sikuutandika kwa kuwa unaniwasha puani mimi mwenyewe, sembuse yeye ambaye angeulalia uso. Mafundi wengi huweka sakafu ya wavu wa waya ili kinyesi kidondoke, lakini unyayo wa sungura hauna vitakia vinene kama vya paka au mbwa, una manyoya tu, na waya humtoboa vidonda. Niliweka ubao mzima na nyasi kavu juu yake. Miguu minne ya banda nimeisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya siafu. Mvua za Kampala zikianza, siafu hutoka ardhini kwa msafara na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Jirani alipoteza kuku watano usiku mmoja. Lakini banda ni la kulala tu. Jioni anafunguliwa anazurura sebuleni, na akifurahi sana huruka juu, akajipinda hewani, akatua akitazama upande mwingine. Mara ya kwanza nilidhani kagutuka.

Sasa nije kwenye lile lililotutisha. Ilikuwa Ijumaa, nimerudi saa moja usiku. Nyasi za asubuhi zilikuwa pale pale, hazikuguswa. Kashata amejikunja pembeni, macho nusu, masikio ya baridi, anasaga meno kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Sakafuni hapakuwa na kinyesi hata punje. Chini ya nyasi nikakuta vipande vya chapati. Mtoto wa mpangaji mwenzetu alikuwa amemhurumia kwa kuona anakula majani tu.

Nilikimbia duka la dawa za mifugo. Kijana aliyekuwepo hakuuliza hata anakula nini, akanipa amoksilini ya kunywesha, akasema inatibu kila kitu. Nilikuwa nimeshashika mfuko mkononi, nikampigia mteja wangu mmoja ambaye ni daktari wa mifugo aliyesomea Makerere. Akaniambia, "Fundi, hiyo usimpe kwa mdomo. Itaua bakteria wazuri wa tumboni, na atakufa kabla ya Jumatatu." Akanielekeza: mpashe joto, mpe maji kidogo kidogo kwa sirinji isiyo na sindano kupitia pembeni mwa mdomo, twanga majani mabichi uyalainishe umlishe polepole, msugue tumbo kwa vidole, na alfajiri umlete. Sungura asiyekula kwa saa kumi na mbili tayari yuko hatarini.

Tulikesha. Mke wangu alitwanga, Rehema alishika tochi, mimi nilikaa sakafuni na mnyama amefungwa kwenye kanga mapajani. Moyo wa sungura unapiga haraka hivi kwamba kidole hakiwezi kuuhesabu. Asubuhi daktari alimchoma dawa ya maumivu na ya kuamsha utumbo. Adhuhuri zikatoka punje tisa, ndogo, kavu, zimeshikana kwa nywele. Nilizihesabu, nikasema Alhamdulillahi kwa sauti.

Usiku ule ndio ulionifanya niione tofauti ya kweli kati ya huku na kwetu. Sungura ni mnyama anayewindwa na kila mwenye meno, kwa hiyo huficha maumivu mpaka yamshinde. Kumjua anaumwa kunataka mtu anayemtazama mchana kutwa: amekula, hajala, amekaa vile alivyozoea au vingine. Kashata alilishwa chapati saa nne asubuhi, na mpaka saa moja usiku hakuna aliyemwona, kwa sababu mimi niko Ndeeba, mke wangu yuko sokoni, mtoto yuko shule, mlango umefungwa. Tanga haliwezi kutokea hilo. Kwenye ua wa kwetu kuna bibi kwenye mkeka, shangazi anachambua mchele, watoto wanne wa watu mbalimbali, na jirani aliyekuja kuomba moto akakaa mpaka alasiri. Hawajui lolote kuhusu meno ya sungura, lakini wangeona. Wangesema, huyu leo hachezi.

Kwa hiyo kaka yangu akisema ugeni umeniharibu, jibu langu ni hili: hapa nimepata majani bila kulipa hata shilingi, nimepata hewa, nimepata daktari wa kumuuliza. Nilichokikosa ni macho ya watu nyumbani mchana, na hicho hakiuzwi Ndeeba wala popote. Wenye fedha hapa wananunua chakula cha mifuko na kufungia wanyama wao ndani kutwa nzima, na nadhani wanakosea. Sungura anaweza kuishi miaka minane, kumi, hata zaidi. Hiyo ni miaka ya kumtazama.

Aliyenisaidia kuziba pengo ni Hajati, jirani wa mlango wa tatu. Ni Mnubi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake amekitoa kambini. Katika mji ambao kwa miaka mingi Kiswahili kilionekana lugha ya watu wa bunduki, yeye alinisalimia kwacho siku ya kwanza nilipohamia, mbele za watu. Alipomwona Kashata akauliza, "Baba Rehema, hii sungura ni ya kula ama ya kuangalia?" Nikamwambia ni ya kuangalia. "Basi mimi niko hapa mchana. Niachie funguo."

Tangu hapo mlango wa nyuma uko wazi, na banda tumelisogeza chini ya dirisha lake. Naye Kashata amemjua. Akisikia kandambili za Hajati anakuja mpaka mbele ya wavu, na akiona paka wa mtaani anapiga mguu wa nyuma chini, pu, na Hajati anatoka na fagio. Mama huko Tanga sasa, kabla hajaniuliza mimi, anauliza, "Kashata kashakula?"

Desemba tunakwenda nyumbani, wiki tatu. Kumvusha mnyama mpakani kunataka vibali, na basi la siku mbili lingemuumiza bure. Kumpeleka kwenye joto la Tanga mwezi huo siwezi, nimeshasema kwa nini. Atabaki Kibuli. Jumapili nilichukua kipande cha ubao laini nikakitundika juu ya banda, nikaandika kwa chaki: nyasi asubuhi na jioni, majani ya parachichi hapana, chapati hapana, asishikwe masikio, akiacha kula piga namba ya daktari usingoje kesho. Hajati akasoma polepole akifuata kwa kidole, akaniomba chaki. Chini kabisa akaongeza kwa herufi kubwa: MAJI. Kisha akamwita mjukuu wake aje asome naye.