Ukifilisika, Mtalaka Wako Anaendelea Kukudai?

Tuseme mume na mke wanaishi Columbus, Ohio, na wameachana. Katika amri ya talaka, jaji ameandika kwamba mkopo wa gari uliobaki, dola 14,000, atalipa mume kwa kuwa gari anabaki nalo yeye. Watoto wako kwa mama, na baba atatoa dola 600 kila mwezi za matunzo. Mama amekubali kuiachia nyumba, kwa sharti kwamba mume atamlipa dola 20,000 kwa sehemu yake. Miezi minane inapita, mama anapata barua: yule bwana amefungua shauri la ufilisi chini ya Sura ya 7, ile ambayo mali ya mdaiwa, kama ipo, hugawiwa wadai na madeni mengi yanayobaki hufutwa. Wiki inayofuata benki inampigia simu mama, inataka hela ya gari.

"Si jaji alisema alipe yeye?" Alisema, ndiyo. Lakini benki haikuwamo kwenye kesi ya talaka. Mkataba wa mkopo una sahihi mbili, na talaka haifuti sahihi ya mtu. Benki ikishazuiwa kumdai mmoja, inamgeukia wa pili, na sheria iko upande wake.

Hapo tayari kuna madeni matatu yaliyozaliwa na talaka moja, na sheria ya ufilisi ya Marekani hayatazami kwa jicho moja. Ni sheria ya shirikisho, moja kwa nchi nzima, ilhali talaka ni kazi ya kila jimbo. Mivutano mingi ya aina hii inaanzia kwenye mpaka huo.

Matunzo ndiyo yenye ngome imara kuliko yote. Mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba matunzo ya mtalaka si deni la kimkataba ambalo ufilisi unaweza kulifuta: ni wajibu unaotoka kwenye ndoa yenyewe. Miaka miwili baadaye Bunge likaliandika hilo katika sheria. Leo hakuna sura ya ufilisi, iwe ya 7 au ya 13, inayomwondolea mtu matunzo ya mtoto au ya mtalaka. Hata lile zuio linalowasimamisha wadai wote siku ile ile shauri linapofunguliwa halizuii kesi ya kupanga kiwango cha matunzo, wala ya malezi ya watoto, wala talaka yenyewe, isipokuwa pale inapogusa mgawanyo wa mali iliyokwisha kuingia mikononi mwa mahakama ya ufilisi.

Mwaka 2005 sheria ikafanyiwa marekebisho makubwa, na matunzo yakapandishwa hadi nafasi ya kwanza kwenye foleni ya wadai, kutoka ya saba. Waliounga mkono mswada waliitangaza hatua hiyo kama zawadi kwa akina mama. Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria Harvard, hakukubali. Mashauri mengi ya Sura ya 7 hayana mali yoyote ya kugawa, kwa hiyo kuwa wa kwanza kwenye foleni ya duka lisilo na bidhaa hakumsaidii mtu. Na kwa kuwa mswada huo huo ulifanya madeni mengi zaidi ya kadi za mkopo yaponee ufilisi, mama angejikuta anagombania mshahara ule ule wa baba pamoja na kampuni za kadi zenye mawakili wa kudumu. Mimi naona hoja hiyo haijawahi kujibiwa vizuri.

Deni la mgawanyo wa mali, kama zile dola 20,000 za nyumba, ndilo lenye utata, na ndilo linalonifanya niandike. Kwa miaka mingi lilikuwa likifutika kama deni la dukani. Mwaka 1994 Bunge likaweka mizani: deni hilo lisifutwe, ila kama mdaiwa hana uwezo kabisa wa kulipa, au kama nafuu atakayopata yeye ni kubwa kuliko madhara atakayopata mtalaka wake. Kwa maneno inavutia. Ila mwenye kudai alitakiwa afungue kesi yake ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa kwa mkutano wa wadai, tena katika mahakama ya shirikisho, kwa wakili wa kumlipa mwenyewe. Mama anayesubiri dola 20,000 anatoa wapi za wakili? Siku 60 zikipita, deni limekwenda. Mwaka 2005 mizani ikaondolewa. Sasa katika Sura ya 7 deni la mgawanyo halifutwi, na mama halazimiki kukimbilia tarehe yoyote.

Kwenye Sura ya 13, ambapo mdaiwa anaweka mezani mpango wa kulipa kwa miaka 3 hadi 5, mlango umebaki wazi. Akimaliza mpango wake, matunzo yanabaki, lakini salio la deni la mgawanyo linafutwa. Mume yule yule, talaka ile ile, dola 20,000 zile zile: akipita mlango wa Sura ya 7 anabaki nazo shingoni, akipita wa Sura ya 13 anatoka mwepesi.

Wanaoutetea mlango huo wana hoja. Mtu wa Sura ya 13 hajakimbia: kila mwezi anapeleka kwa msimamizi wa mpango kile kinachobaki baada ya mahitaji yake. Mpango hauwezi kuidhinishwa kama hajalipa matunzo yaliyoiva tangu afungue shauri, na hafutiwi chochote mwishoni kabla ya kuthibitisha kwamba matunzo yamelipwa. Pengine ana familia ya pili. Ukimwacha na kila deni la ndoa ya kwanza, ufilisi haumpi mwanzo mpya, unampa jina jipya la shida ile ile. Nami nakubali kwamba kwa baba wengi wa kipato kidogo sheria imekaza kupita kiasi upande mwingine. Tangu 1986 sheria ya shirikisho inazuia malimbikizo ya matunzo ya mtoto yasipunguzwe kwa kurudi nyuma. Aliyepoteza kazi mwezi Machi akaenda mahakamani Novemba, miezi yote ya katikati inahesabika kwa mshahara ambao hakuupata. Mara nyingine sehemu ya malimbikizo haiendi kwa mtoto hata kidogo, bali kwa serikali ya jimbo iliyokuwa ikimpa mama msaada wa fedha. Kuliita hilo chakula cha mtoto ni kunyoosha maneno.

Lakini kuhusu mgawanyo wa mali nabaki na shaka. Hoja ya kuufuta inauchukulia kama deni la biashara, kana kwamba mama alikopesha. Msomaji wa Tanzania anajua kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ukishakubali hivyo, zile dola 20,000 ni mali yake ambayo mwingine alibaki ameishika. Tena mezani pa talaka watu hubadilishana. Mwanamke anasema: sitaki matunzo ya kila mwezi, sitaki kuonana na wewe, nipe changu kwa mkupuo. Kwa kusema hivyo amehama kutoka kwenye ngome akaenda uwanjani, na pengine hakuna aliyemwambia.

Mahakama za ufilisi zinalijua hilo, ndiyo maana hazifungwi na jina lililoandikwa kwenye amri. Zinauliza deni lilikusudiwa kufanya nini. Je, kipato cha wawili hao kilikuwa kinatofautiana sana? Kulikuwa na watoto wadogo? Malipo yalikuwa yakome mama akiolewa tena? Hata gharama za wakili katika mvutano wa malezi, mume anapoamriwa amlipie mke, mara nyingi zimehesabiwa kuwa matunzo. (Za wakili wake mwenyewe zinafutika. Mawakili wanalijua, ndiyo maana hutaka chao mapema.)

Uingereza wamekwenda njia nyingine. Mufilisi huko kwa kawaida huachiliwa baada ya mwaka mmoja, lakini madeni ya amri za familia hayaondoki naye, isipokuwa kwa kiasi ambacho mahakama itaelekeza. Mizani ile Marekani waliyoitupa 2005 bado inaning'inia London, ila kule ni mdaiwa anayetakiwa kwenda kuomba, si mtalaka kukimbizana na siku 60. Kama ningeulizwa, ningechagua utaratibu huo: jaji awe na ruhusa ya kumhurumia baba aliyeanguka kweli, na anayetaka huruma ndiye agharimie kuitafuta.

Kinga bora, hata hivyo, huwekwa kabla. Katika kesi ya Farrey dhidi ya Sanderfoot, kutoka Wisconsin, mume alipewa nyumba akatakiwa kumlipa mtalaka wake dola 29,208.44 kwa mafungu mawili. Hakulipa, akafungua ufilisi mwaka 1987. Ila jaji wa talaka alikuwa ameifunga nyumba kuwa dhamana ya deni hilo. Mume akajaribu kuifuta dhamana, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikamkatalia kwa kauli moja: alipopokea sehemu ya mke, aliipokea ikiwa tayari na dhamana juu yake.

Yule mama wa Columbus hana dhamana. Benki atalazimika kuilipa kwanza, kisha amdai mtalaka wake kile alicholipa, na kwa kuwa shauri ni la Sura ya 7, bado anaweza. Kama bwana yule angefungua Sura ya 13, mama angekuwa na siku 70 za kuwasilisha dai lake, kisha angehitaji kumshawishi jaji kwamba zile dola 20,000 zilikuwa matunzo yaliyovishwa jina la nyumba. Ushahidi wake ungekuwa hati za mishahara ya mwaka walioachana, kama hajazitupa.